Malengelenge ya Wiki Iliyopita

Nimefundisha somo la ngozi mara nyingi kiasi kwamba naweza kuuchora ule mchoro ubaoni huku naangalia dirishani. Ngozi ya juu, ngozi ya ndani, mafuta. Unywele unachomoza hapa, tezi ya jasho inajikunja pale, kaa chini wewe uliyesimama. Wanafunzi wangu wa Katoro wanaunakili, wanaupaka rangi, wengine hata wanaufaulu. Kwa hiyo mtu asije akasema sikujua. Nilijua kila kitu, na bado nikafanya nilichofanya, kwa sababu nilikuwa natafuta mke.

Mchumba wangu alikuwa fundi cherehani, ana kibanda chake hapo hapo Katoro karibu na soko, lakini kwao ni kijijini, mbele ya Kagongwa. Baba yake analima mpunga na kufuga ng'ombe, na alikuwa na sifa moja iliyonikosesha usingizi: hakuwahoji wachumba wa binti yake. Aliwashika kiganja tu. Wa kwanza kufika alikuwa mnunuzi wa dhahabu, alikuja na gari jeupe. Mzee akamshika mkono, akamuuliza habari za barabara, akamlisha kuku, akamrudisha kwao. Wa pili alikuwa karani wa ofisi fulani. Huyo aliondoka kuku hajaiva.

"Baba hana maneno mengi," mchumba wangu aliniambia. "Anatafuta sugu. Akizikuta, mambo yameisha."

"Na asipozikuta?"

"Asipozikuta sitaolewa na wewe. Usiniangalie hivyo. Nakupenda, lakini siwezi kumkanyaga baba yangu."

Nikaviangalia viganja vyangu. Ni viganja vya chaki na kalamu nyekundu. Nimekulia Shinyanga mjini, mama yangu anauza chapati karibu na stendi, na jembe nililishika shuleni siku za adhabu, tena kwa kulisindikiza tu. Ningepeleka viganja vile kwa yule mzee, ningerudi na kuku wangu mkononi.

Mambo yaliharibiwa zaidi na mshenga wangu. Nilimchagua mwalimu mwenzangu wa historia, ambaye kazi yake ni kusimulia kwa uhakika mambo ambayo hakuyaona. Alimpigia mzee simu nikiwa nimekaa pembeni yake. Salamu ndefu, mvua, mifugo, halafu nikamsikia anasema, "Mzee, kijana wetu amekulia jembeni. Bila jembe haoni raha."

Upande wa pili mzee akasema, "Vizuri. Aje tulime naye majaruba ya mpunga." Akataja siku. Zilikuwa zimebaki siku kumi.

Shule ilikuwa imefungwa, ni Desemba. Nikaazima jembe kwa mlinzi wa shule, nikaenda kwenye kieneo nyuma ya nyumba za walimu, nikaanza kulima. Sikuwa na mbegu. Nia yangu ilikuwa sugu.

Hapa lazima nifundishe kidogo, mnivumilie. Ngozi ya juu si kipande kimoja. Ni matabaka, na kiganjani yako matano. La chini kabisa ndilo linalozaa seli. Zikizaliwa zinasukumwa juu, zinabanwa, zinakufa, na zikifika juu zimekuwa magamba makavu tunayoyapukutisha bila kujua. Katikati kuna seli zenye vijimkono kama miiba, zimeshikana. Sasa ukishika mpini na kuvuta, mpini unaivuta ngozi huku, mfupa unabaki kule. Rudia mara mia na zaidi, zile seli za katikati zinachoka, zinaachiana. Panabaki nafasi, na mwili unaijaza maji. Maji yenyewe yanatoka kwenye damu, ila wekundu wake umebaki chini, kwa sababu mishipa ya damu iko kwenye ngozi ya ndani na haipandi mpaka huko juu. Hilo ndilo lengelenge. Sugu ni habari nyingine. Sugu ni msuguano mdogo mdogo wa majuma na miezi, mpaka mwili ukubali wenyewe kuongeza unene. Mimi nilitaka miezi iingie kwenye siku kumi.

Siku ya kwanza nikapata malengelenge matatu. Siku ya pili nikafikisha tisa, matano mkono wa kulia na manne kushoto, yamejipanga chini ya vidole, yanang'aa. Nikafurahi kama mjinga. Nikasema, hii ni hatua.

Jirani yangu, mama mmoja anayeuza maandazi, alikuwa akinitazama kwa juu ya ua wake. Siku ya tatu akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, unapanda nini hapo?"

"Sipandi kitu, mama."

"Sasa unalimia nini?"

"Mazoezi tu."

Akaniangalia kwa muda mrefu, akaitikia "haya" ya mtu aliyeelewa sana, akaingia ndani. Nilipaswa kujua. Katoro, mtu anayechimba mahali pamoja kila alasiri, tena hana mbegu, tena akiulizwa anasema mazoezi, ana sababu moja tu.

Siku ya nne nilipofika nikakuta wanaume wawili wamechuchumaa kwenye shamba langu. Mmoja anaosha udongo kwenye karai, anaukoroga na kuumwaga taratibu. Mwingine amevaa vidude masikioni, anapitisha kile chombo cha kunusa dhahabu juu ya matuta yangu. Chombo kikalia. Wakachimba, wakapata kizibo cha soda. Badala ya kukata tamaa wakatazamana kwa matumaini, kwa sababu chombo kilikuwa kizima. Nikawaambia jamani, hapa hamna kitu, mimi nalima. Yule wa karai akacheka kwa upole, akasema, "Mwalimu, riziki haifichwi peke yako. Tutagawana."

Siku ya sita palikuwa na duara, yaani shimo la wachimba dhahabu, linalofika kifuani mwa mtu mzima, wameanza hata kutafuta miti ya kuzuia kuta. Mkuu wa shule akaniita ofisini nitoe maelezo kwa maandishi jinsi nilivyofungua mgodi kwenye eneo la shule. Nikaandika kwamba nilikuwa nalima. Akasoma, akavua miwani, akauliza nilikuwa nalima zao gani. Akaniamuru nifukie lile shimo, nikafukia kwa koleo, na jembe likarudishwa kwa mlinzi kwa amri. Mazoezi yangu yakaishia hapo.

Malengelenge yale ya mwanzo yakanywea, yakakauka, yakaanza kubanduka. Chini yake ikatokea ngozi mpya, ya waridi, laini kama shavu la mtoto. Nilikuwa na viganja vibaya kuliko nilivyoanza navyo.

Siku yenyewe ikafika. Tulilala Kagongwa mimi na mshenga, asubuhi tukachukua bodaboda moja mpaka kijijini. Mzee alikuwa amesimama uani, mrefu, amevaa koti kuukuu na gambuti, majembe yameegemezwa ukutani nyuma yake. Nikamsogelea, na pale aliponyoosha mkono, mimi nikakunja ngumi nikampa kifundo cha mkono, kama anavyofanya mtu mwenye mikono michafu.

"Shikamoo, Baba. Samahani, nina grisi. Mnyororo wa pikipiki ulichomoka njiani."

"Marahaba," akasema.

Dereva wa bodaboda, mtu asiyejua kusaidia, akasema kwa sauti kwamba mnyororo wake ni mpya na haujawahi kuchomoka.

Mzee akamwangalia yeye, akaniangalia mimi, akakishika kifundo changu. "Mwangaluka," akasema, akinisalimia kwa Kisukuma. "Kiganja tutakiona. Twende kazini."

Tulikuwa watu kama kumi kwenye mstari: ndugu zake wawili, majirani, na mama yake mzee, bibi wa mchumba wangu, ambaye jembe lake lilikuwa refu kumzidi. Kazi ilikuwa kuinua kuta za majaruba, unachota tope zito na kulibandika. Kuna mama mmoja alianzisha wimbo, na majembe yote yakafuata wimbo, yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Ukichelewa unaonekana. Mshenga wangu aliinama mara nne, akasema mgongo wake una historia, akaenda kukaa kwenye tuta.

Mimi sikuweza kwenda kukaa. Ule unyevu ulinimaliza. Kiganja kikilowa muda mrefu, lile tabaka la magamba linanyonya maji, linalegea, mpini unalivuta unavyotaka. Kabla jua halijafika utosini malengelenge mapya yalikuwa yameota juu ya ile ngozi ya waridi, yakapasuka, na tope likaingia. Niliuma meno. Nilikuwa nikiimba ule wimbo bila kujua maneno yake, kwa sababu ulikuwa unanipa ruhusa ya kupiga kelele. Mzee alikuwa kulia kwangu, analima bila haraka, na hakuniangalia hata mara moja. Nikajipa moyo kwamba nimepita.

Wakati wa chakula wanaume tuliketi kuzunguka sinia moja: mzee, ndugu zake, mshenga na mimi. Mama mkwe, ambaye kwa heshima sikutakiwa hata kukutana naye uso kwa uso, alikuwa amepika kuku wa mchuzi, na ugali ulikuwa bado unatoa moshi. Nikanawa kwa ncha za vidole. Nikamega tonge. Mjue kwamba tonge halimegwi kwa ncha za vidole. Unalifinyanga, unalikandamiza, linakaa hapo hapo chini ya vidole ambapo mimi sikuwa na ngozi. Moto ulinipanda mpaka begani. Nikalichovya kwenye mchuzi, na chumvi ikafika mahali ambapo chumvi haikuumbiwa kufika. Machozi yakanitiririka.

Wote wakaacha kula.

"Pilipili," nikasema.

Ndugu wa mzee akatafuna, akameza, akasema taratibu, "Nyumba hii haijawahi kupika pilipili."

Mshenga akadakia kwamba sisi watu wa mjini tuna macho mepesi. Akakumbuka kwamba mimi si mtu wa mjini, mimi nimekulia jembeni, akanyamaza. Mzee alikuwa anaangalia sinia.

Bibi ndiye aliyeniokoa, kama kule nako ni kuokolewa. Aliita kutoka upande wa jikoni, "Hebu mleteni huyo mume wangu nimwone," maana bibi wa watu lazima akuite mume wake, ndiyo haki yake. Nikaenda. Akaniketisha kwenye kigoda, akavifungua viganja vyangu kwa nguvu ambayo sikuitegemea, akavisogeza kwenye mwanga. Kisha akaanza kuonyesha kwa kidole.

"Hili la leo. Hili la leo. Hili, chini yake kuna la wiki iliyopita. Hili la wiki iliyopita." Akaniangalia. "Na ya mwaka jana yako wapi, mume wangu?"

Nikavikunja vidole, akavikunjua.

"Mtu aliyekulia jembeni ana mkono wa mwaka jana na wa mwaka juzi. Wewe mkono wako umeanza wiki iliyopita. Ulikuwa unalima wapi?"

"Nyuma ya nyumba za walimu, Bibi."

"Ulipanda nini?"

Nikamweleza. Nikamweleza mpaka habari ya karai na kizibo cha soda. Alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta, kisha akachemsha sindano, akatoboa pembeni mwa yale mawili ambayo yalikuwa bado hayajapasuka, akayakamua kwa pamba. Nilipotaka kuvuta ngozi iliyokuwa inaning'inia akanipiga kofi mkononi. "Acha. Hilo ndilo shuka lake, lifunike mpaka litoke lenyewe." Na ni kweli, hata vitabuni ni hivyo.

Alipomaliza kunifunga vitambaa akasema, na sasa hakuwa anacheka, "Nenda ukamwambie mwanangu. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi nitaongeza."

Nikarudi uani na mikono imefungwa kama bondia. Nikakaa mbele ya mzee. Mshenga alinikanyaga mguu, nikauondoa mguu.

"Baba," nikasema, "uliambiwa nimekulia jembeni. Si kweli. Nimekulia Shinyanga mjini, mama yangu anauza chapati. Kulima nimelima siku tatu, wiki iliyopita, ili mikono yangu ikudanganye. Na grisi haikuwepo."

Mzee alikasirika. Sitaki kumpamba. Uso ulimbadilika, akasema, "Umeleta uongo kwangu, umeuleta mpaka kwenye mkono." Akanyanyuka akaenda kwenye zizi, akasimama huko anatupa mgongo. Tukakaa. Kuku akapoa. Nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu, kwamba jioni itabidi nimpigie mchumba wangu nimwambie imekwisha, na nimeimaliza mimi mwenyewe, kwa ujanja wa kitoto. Niliona aibu kiasi kwamba mikono iliacha kuuma.

Alirudi baada ya muda mrefu. Hakukaa. Aliniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Yale maji yanatoka wapi?"

"Maji gani, Baba?"

"Ya ndani ya lengelenge. Wewe si mwalimu wa hayo mambo? Mimi tangu nioe mkono wangu haujatoa maji. Nimesahau."

Nikamweleza. Nilimweleza kwa chapati za mama yangu, zile anazozikunja na mafuta katikati ili ziachane tabaka kwa tabaka. Nikamwambia yanapoachana, maji yanapanda kutoka kwenye ngozi ya ndani, kule kuliko na damu na kule kunakosikia maumivu. Mzee akasikiliza kama anasikiliza bei ya ng'ombe. Kisha akaketi, akaninyooshea kiganja chake. Kilikuwa cha manjano, kimepasuka pasuka, kigumu kama kisigino.

"Na hiki?"

Nikaomba ruhusa, nikakibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba, kwa nguvu. "Unasikia, Baba?"

"Naona unabonyeza."

"Lile tabaka la juu limekuwa nene. Ni magamba yamebebana. Yamekufa, hayasikii."

"Hayasikii," akasema. Akakiangalia kiganja kile kama mtu anayemwangalia mdeni wake. "Huyo binti unayemtaka, akiwa na miaka mitatu, mama yake alikwenda msibani. Asubuhi akawa ananung'unika. Nikamwekea mkono hapa, kwenye paji. Nikaona hana kitu. Nikaenda kulima. Narudi mchana, mtoto ana degedege, macho yamegeuka. Alikuwa anaungua toka asubuhi. Nimemshika mwenyewe, na sikusikia."

Akakifumba kile kiganja.

"Toka siku ile sikuuamini tena mkono wangu. Nikawa nampima kwa mdomo. Sasa mimi nakaa hapa nawashika watu, natafuta mkono kama huu, nimpe mwanangu." Akatikisa kichwa. "Mtoto wenu akishikwa na homa, wewe utaijua kwa kiganja?"

"Nitaijua, Baba."

"Uongo wako nimeuchukia. Usirudie."

"Sitarudia."

Akamgeukia mshenga, ambaye kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na la kusema. "Semeni siku," akamwambia.

Jioni nikampigia simu mchumba wangu kutoka stendi ya Kagongwa, nimeishika kwa ncha za vidole. Nikasikia cherehani yake inakwenda.

"Amekushika kiganja?"

"Nilikishika mimi cha kwake," nikasema, nikamsimulia yote, duara, pilipili, Bibi. Alicheka sana, cherehani bado inakwenda. Nilipofika kwenye habari ya homa, cherehani ikasimama.

"Kwa mdomo?" akauliza.

"Ndivyo alivyosema."

Nikadhani mtandao umekatika.

"Kila jioni," akasema. "Kila jioni alikuwa ananiwekea midomo hapa kwenye paji la uso. Mpaka niko kidato cha nne, mbele ya wenzangu. Nilikuwa namkimbia. Nilikuwa najificha nyuma ya nyumba mpaka alale."

Nikaibana simu sikioni.

"Kata simu," akasema. "Nataka kumpigia Baba."